Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maktaba zetu: mtoto asiye na mdhamini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania,
Kwa wakutubi wa mikoa na wilaya zote,

YAH: SHARTI LA MDHAMINI MWENYE AJIRA KATIKA FOMU YA MTOTO YA KUAZIMA VITABU

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zinazowastahili, naomba kuwaandikia kuhusu mstari mmoja tu. Mstari huo ulikuwa chini kabisa ya fomu ya kujiunga na maktaba niliyopewa mwaka 1983, mjini Tanga, nikiwa na umri wa miaka 10, nao ulidai jina la mdhamini, kazi yake, anwani ya mwajiri wake, sahihi na mhuri. Yapo mengi yanayoweza kusemwa juu ya maktaba za nchi hii, na wapo wenye ujuzi wa kuyasema kuliko mimi. Mimi nimeishi na mstari huo kwa miaka 40 na ushei, na ndio pekee ninaoweza kuuzungumzia bila kubahatisha.

Nilizaliwa Ngamiani, Barabara ya 9. Msomaji asiyeijua Tanga aelewe kwamba mitaa ya Ngamiani imepewa namba badala ya majina, na kwamba kati yetu na upande wa mjini, wenye ofisi, benki na bandari, imepita reli. Kwenda maktaba ilikuwa ni kuvuka reli. Wazee walikuwa bado wakiiita maktaba ile King George, kwa kuwa ilijengwa katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita, na majina ya pwani yana tabia ya kukawia kuondoka hata wenyewe wakishaondoka. Sisi watoto hatukujua George ni nani. Tulijua kwamba ndani mna feni, mna kimya cha namna ambayo hatukuwahi kukisikia nyumbani, na mna meza fupi zilizotengenezwa kwa kimo chetu, jambo ambalo lilinishangaza kuliko vitabu vyenyewe, maana kila kitu kingine nilichokijua, kuanzia kitanda hadi kaunta ya duka la ushirika, kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya wakubwa.

Mkutubi wa sehemu ya watoto alikuwa mama wa makamo ambaye sitamtaja jina kwa kuwa sikupata ruhusa yake wala ya watoto wake. Mtoto aliyeingia kwa mara ya kwanza hakupewa kitabu kabla ya kuonyesha viganja. Kisha alifundishwa kufunua ukurasa: unaushika juu, kwenye pembe ya kulia, unaupeleka taratibu, na hulambi kidole. "Kitabu si pilau, mwanangu," alikuwa akisema kwa sauti ndogo ambayo hata hivyo ilifika meza ya mwisho. Alitufundisha pia kwamba kila kitabu kina makazi yake, na kwamba namba iliyoandikwa mgongoni kwa wino mweupe ndiyo anwani yake. Ngano na hadithi za kale zilikaa 398.2. Niliijua namba hiyo kabla sijajua namba ya nyumba yetu, ambayo kwa kweli hakuna aliyekuwa akiitumia, na hadi leo nikiingia katika maktaba yoyote, hata ya nchi za watu, miguu yangu hunipeleka huko kwanza.

Kusoma ndani hakukuhitaji kadi. Mtoto yeyote aliyevuka reli na kuonyesha viganja safi aliketi na kusoma hadi saa ya kufunga. Tabu ilikuwa ni hiyo saa ya kufunga. Nilikuwa msomaji wa polepole, niliyejifunza kusoma katika darasa lililojaa wanafunzi wa miaka ile ya UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ambamo kitabu kimoja kilisomwa na vichwa vinne, wa upande wa kushoto akimaliza mstari wakati wa upande wa kulia hajauona. Kwa hiyo kengele ilipogongwa mimi nilikuwa bado katikati. Mara moja nilimwacha mtoto wa mfalme ndani ya kisima, na kamba imekatika. Juma zima nilikuwa nikimfikiria kule chini. Jumamosi iliyofuata niliwahi, nikaenda moja kwa moja kwenye rafu, nikakuta pengo. Kitabu kimeazimwa, nikaambiwa, kitarudi baada ya wiki mbili. Hapo ndipo nilipojua kwamba kumbe wapo watoto wanaoruhusiwa kutoka na vitabu hadi nyumbani, na kwamba wanachonizidi ni kadi.

Nikapewa fomu. Nikaipeleka nyumbani ikiwa imekunjwa ndani ya daftari, nikampa baba.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani na Singer yake ya miguu, akashona suruali, kanzu, sare za shule, na mwaka ule, ambao ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi na wa kupanga foleni kwa ajili ya sukari na sabuni, alishona zaidi viraka kuliko nguo, kwa kuwa kitambaa kilikuwa hakionekani. Alikuwa mtu anayejulikana na kuaminika. Wateja walimwachia vitambaa vya harusi bila hata karatasi ya stakabadhi. Lakini aliposoma ile fomu hadi chini alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba cherehani haina mhuri.

Alivaa koti lake la Idi akaenda kwa bwana mmoja tuliyemfahamu, mwenye kazi ya mshahara katika ofisi ambayo pia sitaitaja. Nilikwenda naye. Bwana yule alitupokea vizuri, akatupa chai, akaisoma fomu kwa makini kama mtu anayesoma hati ya kiwanja, kisha akairudisha akisema kwamba hawezi kuja kukatwa mshahara kwa ajili ya kitabu cha sungura. Sikumchukia wakati ule na simchukii sasa. Alikuwa na watoto sita, na fomu ilisema wazi kwamba mdhamini atawajibika. Ninachokikumbuka ni safari ya kurudi, jinsi baba alivyotembea mbele yangu hatua kadhaa, yeye ambaye siku zote alinishika mkono tukivuka reli.

Aliyetia sahihi hatimaye ni jirani yetu, mama mmoja muuguzi, ambaye hata hakuombwa. Alisikia habari ile kisimani, kama zinavyosikika habari zote, akaja jioni akiwa bado na sare yake nyeupe, akachukua fomu, na kesho yake akairudisha ikiwa na mhuri wa buluu wa mahali pake pa kazi. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Usiniaibishe," akaenda zake kulala kwa sababu alikuwa na zamu ya usiku.

Waheshimiwa, sitaki mdhani kwamba nasimulia haya ili kulilaumu sharti lenyewe kwa wakati wake. Lilikuwa na busara yake. Kitabu kilikuwa kitu adimu, karatasi ilikuwa haba hata kwa madaftari, na fedha za kigeni za kuagiza vitabu kutoka nje zilikuwa hazipatikani. Mtu akihamia Korogwe au Handeni na kitabu cha umma, angetafutwa vipi? Hakukuwa na kitambulisho cha taifa. Simu zilikuwa za watu wachache. Mwajiri ndiye aliyekuwa njia pekee ya kumpata mtu, kwa hiyo mshahara ukageuka kuwa kipimo cha uaminifu, ingawa uaminifu na mshahara ni vitu ambavyo kila mmoja wetu amewahi kuviona vikiishi nyumba tofauti.

Naomba sasa niwaeleze kitabu kile cha kwanza kilifanya nini baada ya kuvuka reli, kwa sababu nadhani jambo hili halionekani kutoka ofisini. Katika daftari la maktaba iliandikwa kwamba kitabu kimeazimwa na msomaji mmoja. Nyumbani kwetu tulikuwa wanane, na taa ya koroboi moja. Baada ya chakula cha usiku nilikaa mkekani nikasoma kwa sauti, na wote wakasikiliza: baba akipachika vifungo, mama akichambua mchele wa kesho, ndugu zangu, watoto wa jirani waliokuwa wakija wakijifanya wametumwa chumvi. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyesikiliza kwa ukali zaidi. Yeye alijua kusoma Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuo cha Kurani utotoni, na hizi za Kizungu, kama alivyoziita, hazikumhusu. Nilipofika mwisho wa hadithi ya kwanza, akakohoa, akasema, "Huyo aliyeiandika ameikata mkia. Mwisho wake si huo." Akatusimulia mwisho wenyewe, uliokuwa mrefu, wenye wimbo ndani yake, na ambao kwa hakika ulikuwa mzuri kuliko wa kitabuni.

Tangu siku hiyo ikawa ni desturi. Mimi nasoma, bibi anasahihisha. Hadithi ambazo alikuwa hajazisimulia kwa miaka, kwa kuwa hakuna aliyeziuliza, zilirudi moja baada ya nyingine zikiitwa na vitabu vya maktaba. Watoto wakubwa wa jirani walioacha shule walianza kuniomba niwaonyeshe neno fulani limeandikwaje. Mama, aliyepata cheti cha kisomo cha watu wazima lakini hakuwa na chochote cha kusoma nyumbani isipokuwa kifungashio cha sabuni, akaanza kukichukua kitabu mchana wakati mimi niko shuleni, na alipofikiri hakuna anayemwona alikuwa akisogeza kidole chini ya mistari.

Hilo la mama linanirudisha kwenye jambo la kitaifa. Kwa takwimu rasmi, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, na kufikia 1986 wakawa chini ya asilimia 10. Ilikuwa kazi kubwa ambayo nchi nyingi zilikuja kuitazama. Walioiendesha walijua kwamba mtu aliyefundishwa herufi asipopata cha kusoma atazisahau, na kwa hiyo zikaanzishwa maktaba za vijiji, chini ya uangalizi wa mwanakijiji mwenzao, zikawaazima wakulima vitabu vya kilimo, vya afya na vya hadithi. Wakulima wale hawakuwa na mwajiri. Walijulikana na waliowazunguka, basi. Serikali hii hii, kwa hiyo, iliwahi kumwamini mtu wa jembe na kitabu, na ninachoomba si jambo jipya katika nchi yetu.

Wala Tanga haikuanza kusoma jana. Gazeti la Kiongozi lilianza kuchapwa katika mji wetu mwaka 1904, kwa Kiswahili, wakati wa Wajerumani. Miaka 5 baadaye, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka mjini, kule Vibambani, alizaliwa Shaaban Robert, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwa mtumishi wa serikali. Huwa ninawaza, kwa mzaha, kwamba yeye angefaa sana kuwa mdhamini wangu: mshahara anao, mhuri anao. Lakini wangapi katika mji ule walikuwa na kipaji na hawakuwa na mhuri? Wavuvi wa Sahare, wachukuzi wa bandarini, wakata mkonge, mama wauza vitumbua, mafundi wa baiskeli. Hao ndio waliokuwa wengi, na watoto wao ndio walioishia kwenye meza fupi, wakasoma hadi saa ya kufunga, wakamwacha mtoto wa mfalme kisimani.

Nilimwaibisha yule muuguzi mara moja, na ni haki niliseme hilo pia, nisije nikaonekana ninadai kwamba watoto hawana hasara. Ilikuwa Aprili 1984, wiki ile ambayo Waziri Mkuu Sokoine alifariki kwa ajali na redio ikawa inapiga nyimbo za maombolezo mchana kutwa. Mvua za masika zilikuwa zimefunguka. Nilikuwa narudisha kitabu, nikakiweka chini ya shati, na nilipofika relini shati na kitabu vilikuwa kitu kimoja. Sikwenda maktaba. Nilirudi nyumbani nikalia. Mama alikilaza kitabu kati ya vipande viwili vya kanga kuukuu, akakipiga pasi ya mkaa ukurasa kwa ukurasa, kazi iliyomchukua jioni nzima, na kikakauka kweli, ila kilivimba kama boflo na hakikukubali tena kufungika. Nilikaa nacho wiki tatu kwa woga. Nilichoogopa hakikuwa faini. Nilikuwa namwona bwana yule wa chai akisema, si nilisema?

Nilipokipeleka, mkutubi alikitazama, akafunua kurasa mbili tatu kwa ile pembe ya juu, akaniuliza nani aliyekipiga pasi. Nikasema mama. Akasema mama yako ni hodari. Kisha akachukua kitabu kingine cha hadithi kutoka kwenye kabati la nyuma, lisilo la watoto kufikia, na ndani yake niliona kurasa zenye alama za chai, kona iliyotafunwa na panya, na ukurasa mzima ulioshonwa kwa uzi. Hivi ndivyo vitabu vinavyosomwa, akaniambia. Vile vilivyo safi ndivyo vinavyomtia wasiwasi. Faini nililipa, senti chache ambazo baba alizitoa kwenye debe la vifungo, na kitabu kingine nikaazima siku hiyo hiyo.

Nimelikumbuka kabati lile mara nyingi nilipokuwa mtu mzima, kwa sababu linajibu hoja ambayo najua mtaitoa. Mtasema kwamba vitabu vikiazimwa kwa watoto wasio na mdhamini vitapotea. Ni kweli, vingine vitapotea. Vingine vitanyeshewa, vitatafunwa na mbuzi, vitahama na familia usiku kwa ajili ya kodi ya nyumba. Mkutubi anayekabidhiwa vitabu kama mali ya serikali, na ambaye atapaswa kumweleza mkaguzi wa hesabu kila kinachopungua, ana sababu ya haki ya kuona kwamba usalama wa kitabu uko rafuni. Basi kosa si la mkutubi, ni la namna tunavyokihesabu kitabu cha mtoto. Shule hainunui chaki ikitarajia kwamba mwisho wa mwaka chaki zitarudi zilivyokuwa, inazinunua ziishe. Kitabu cha hadithi cha kurasa 32 kilichobandikwa kwa pini mbili kihesabiwe kwa kanuni iliyo karibu na hiyo ya chaki. Kipangiwe muda wa kuishi, liwekwe fungu la upotevu linalojulikana na kukubaliwa tangu mwanzo wa mwaka wa fedha, na mkutubi asionekane mzembe kwa sababu vitabu vyake vimechakaa mikononi mwa wasomaji. Vitabu vikubwa, vya rejea, vya gharama, vya kale, endeleeni kuvilinda kwa masharti mnayoyaona yanafaa. Mimi nazungumzia hadithi.

Tena mambo yamebadilika, na sababu iliyolizaa sharti lile imekwisha kufa. Mzazi wa leo ana namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole, na mwanzoni mwa 2020 tuliona laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikianza kuzimwa. Mama lishe anaweza, usiku wa manane, kukopa fedha kwa kubonyeza simu yake, bila mdhamini, bila mwajiri, bila kuvaa koti la Idi na kwenda kunywa chai ya mtu. Ikiwa kampuni ya simu, ambayo haina udugu naye na inataka faida, inamwamini kwa maelfu ya shilingi kwa sababu tu inajua namba yake, ninashindwa kuelewa kwa nini taifa lake lisimwamini mwanawe kwa kitabu chembamba cha hadithi. Wengi wa wazazi wa nchi hii ni wakulima, wafugaji, wavuvi, machinga, madereva wa bodaboda, mafundi. Tukimtaka mdhamini mwenye ajira rasmi, tunawaambia wengi watafute wachache wa kuwasemea.

Ombi langu, kwa hiyo, ni hili. Popote ambapo fomu ya mtoto ingali inadai mdhamini mwenye mwajiri na mhuri, mstari huo ufutwe, na mahali pake paandikwe jina na namba ya simu ya mzazi au mlezi, na kama lazima awepo mtu wa pili, basi awe yeyote anayemjua mtoto: mwalimu wake wa darasa, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu wa madrasa, katekista, fundi cherehani. Na popote ambapo mstari huo umekwisha kufutwa, naomba jambo dogo zaidi: pabandikwe mlangoni, kwa maandishi makubwa yanayosomeka kutoka barabarani, kwamba mtoto anaazima vitabu bila mdhamini. Baba yangu asingejua. Mtu aliyekataliwa mara moja harudi kuuliza kama sharti limebadilika.

Hili liko ndani ya uwezo wenu, na halihitaji jengo jipya. Bodi yenu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, kufuatia mapendekezo ya mtaalamu S. W. Hockey aliyeandika mwaka 1960 kuhusu maktaba za Afrika Mashariki. Uganda ikafuata 1964 na Kenya 1965, kwa hiyo sisi ndio tuliotangulia. Sheria hiyo ilifuatwa na ile Namba 6 ya mwaka 1975. Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam aliichagua siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1967, na sidhani kwamba siku ile ilichaguliwa kwa kuwa kalenda ilikuwa na nafasi. Ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma, ya mwaka 1994 na iliyohuishwa 2022, inataka huduma zake kimsingi ziwe bila malipo. Na tangu Januari 2016 mtoto wa Tanzania anaingia shule ya msingi na sekondari ya serikali bila ada. Hakuna mwalimu mkuu anayemwambia mtoto wa darasa la kwanza alete barua ya mwajiri wa baba yake kabla ya kuonyeshwa herufi a. Nashindwa kuona kwa nini, akishaijua hiyo a na zinazoifuata, adaiwe barua hiyo ili apate mahali pa kuzitumia.

Mkiona kwamba jambo hili linahitaji kujaribiwa kwanza, lijaribiwe kwa mwaka mmoja katika mji mmoja, na hesabu itangazwe hadharani: vimeazimwa vingapi, vimerudi vingapi, vimepotea vingapi. Nitafurahi mji huo ukiwa Tanga, ingawa nakiri kwamba hapo ninavutia ngozi upande wangu.

Na ikiwa, baada ya kulitafakari, mtaona kwamba sharti ni lazima libaki, basi pokeeni ombi la mwisho. Mimi sasa nina mwajiri. Nina anwani ya ofisi na mhuri wa buluu ambao kwa miaka mingi nimeutumia kwa mambo yasiyo na uzito kama huo. Yule muuguzi alikwisha kufariki, na baba pia. Cherehani iko kwangu, na bado inashona. Niruhusuni kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi niketi kwenye benchi nje ya mlango wa maktaba, upande wenye kivuli, na mtoto yeyote atakayekuja na fomu iliyokunjwa ndani ya daftari aelekezwe kwangu. Nitatia sahihi zote. Nitaleta kalamu yangu mwenyewe, na wino wa mhuri.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mtoto wa fundi cherehani,
Barabara ya 9, Ngamiani,
Tanga